Jicho Moja Tu

Mwezi ule Nkwenda nzima ilitokwa machozi bila kufiwa. Macho mekundu yalianzia kwa watoto wa shule, yakapanda kwa walimu, yakaingia kanisani, yakaenda kumalizia sokoni. Watu walipeana mikono, wakajifutia taulo moja, wakalalia mito ya wenzao, kisha wakaenda kwa Joviana kumuuliza ugonjwa huu umetoka wapi.

Joviana alikuwa na duka la dawa muhimu kando ya barabara iendayo Murongo. Kila asubuhi alikuta foleni mlangoni, na kila mtu kwenye foleni alikuwa na hoja ileile.

"Mama, nipe ya matone. Ile kali."

"Hakuna kali. Ugonjwa huu ni wa virusi, unakuja wenyewe na unaondoka wenyewe. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila mtu na kitambaa chake. Usitie maziwa ya mama, usitie majani ya chai, usitie mkojo."

"Yaani nimetembea kutoka Kimuli nije kuambiwa ninawe?"

"Ndiyo."

"Basi nichome hata sindano."

Wengine walisonya wakaondoka. Wengine walibaki wakibishana, wamemsogelea usoni na macho yao yanayotiririka, huku mkono uleule uliotoka kufikicha jicho ukiegemea kaunta. Joviana alifuta kaunta. Akafuta tena. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imechakaa kwa sabuni, na uvumilivu wake ulikuwa umechakaa zaidi.

Hata hivyo, hakumruhusu mtu aondoke kabla hajamwambia maneno ya mwisho, yale aliyofundishwa kwenye mafunzo ya watoa dawa. Mwanzoni mwa mwezi aliyasema kwa kumtazama mtu. Kufikia katikati aliyasema kama mtu anayesali rozari huku usingizi umemshika: jicho likiuma kwa ndani, mwanga ukikuchoma, ukiona ukungu, pakiwa na doa jeupe kwenye cheusi cha jicho, kitu kikiwa kimekugonga au kimekuingia, ikiwa ni jicho moja tu na la pili halifuati, hapo usije kwangu, nenda hospitali, haya, anayefuata.

Siku moja adhuhuri, anayefuata alikuwa mume wake.

Clavery hakupanga foleni. Alisimama nyuma ya watu, mrefu, amejaa vumbi la maharage mpaka kwenye nyusi, kiganja kimeziba jicho la kulia.

"Mama Evelyn," aliita kwa juu ya vichwa vya watu. "Na mimi limenipata."

Joviana alimtupia jicho mara moja, akarudi kwa mteja aliyekuwa akimdai chenji.

"Nawa."

"Nini?"

"Nawa, Baba Evelyn. Maji ya uvuguvugu. Na taulo lako usilitundike pamoja na langu."

Watu wakacheka. Ilikuwa nafuu kwao kuona kwamba hata mwenye nyumba naye anapewa maji. Clavery hakucheka. Alisimama kidogo, kama mtu aliyenyimwa kiti kwake mwenyewe, kisha akageuka akarudi stoo.

*

Clavery alikuwa akinunua maharage kwa wakulima wa Kyerwa na kuyauza kwa wafanyabiashara wa Mwanza. Ulikuwa msimu. Kuanzia alfajiri yeye na kibarua wake, Bigirimana, walikuwa kwenye stoo nyuma ya soko wakichekecha, wakipepeta, wakipima na kushona magunia. Lori lilikuwa linatarajiwa kabla ya mwezi kwisha. Msimu wa maharage Clavery hakuugua. Akiugua, basi nyumba nzima ilijua. Mafua tu yalimfanya aanze kuusia nani arithi mizani.

Kwa hiyo alipoanza kukaa sebuleni na mapazia yamefungwa, kofia ameishusha mpaka puani, Joviana alipita na beseni la nguo asiseme kitu. Aliposema kwamba jicho linamchoma kana kwamba lina mchanga wa moto, Joviana alimwambia kwamba Nkwenda nzima ina mchanga huo. Aliposema kwamba hawezi kulala, Joviana, aliyekuwa amesimama tangu asubuhi, alimjibu kwamba yeye angelala hata juu ya kaunta kama wangemwacha.

"Wewe una duka zima la dawa," Clavery alisema, "na mumeo unampa maji."

"Ninawapa wote maji."

"Mimi si wote."

"Kwa virusi wewe ni wote."

Baada ya siku chache alitokea kwenye chai jicho limepungua wekundu, akilipepesa kwa mbwembwe.

"Umeona? Limepona. Na si kwa maji yako."

"Kwa nini, basi?"

"Kwa mwili wangu mwenyewe."

Joviana alishukuru Mungu kwamba amepunguziwa mgonjwa mmoja, akaenda kazini. Wiki iliyofuata Clavery alinunua miwani myeusi kwenye gulio, akawa haivui hata ndani ya nyumba. Joviana alimuuliza kama ameanza muziki. Clavery alimjibu kwamba vumbi la stoo ni kali. Joviana alikuwa amechoka. Alilipokea jibu hilo kama mtu anavyopokea risiti bila kuisoma.

*

Nyirabageni alikuja siku ya gulio, mama wa makamo, mkulima wa Kimuli, amembeba mjukuu mgongoni. Mtoto alikuwa na macho mekundu yote mawili, kope zimeshikana kwa tongotongo, lakini alikuwa akicheka na kuvuta hereni ya bibi yake.

"Kamwe, mama," alisema Nyirabageni. Kwa lugha ya kwao hiyo ni salamu, akaikamilisha kwa Kiswahili. "Habari za kazi."

"Nzuri. Huyu atapona. Macho yote mawili, anacheza, anatazama mwanga, hana shida." Joviana akamweleza maji, sabuni, kitambaa, akampa mafuta ya macho ya kupaka kwa sababu ya tongotongo, kisha akaingia kwenye rozari yake. Alipomaliza, Nyirabageni alikuwa bado amesimama.

"Mama, samahani. Umesema mbio. Kiswahili changu ni kidogo. Yale ya kwenda hospitali, sema polepole nishike."

Nyuma yake watu waliguna. Joviana alivuta pumzi.

"Jicho linauma kwa ndani. Si kuwasha. Kuuma."

"Kuuma," Nyirabageni akarudia, akikunja kidole.

"Mwanga unamchoma. Anajificha gizani."

"Anajificha gizani."

"Haoni vizuri. Kama ukungu."

"Ukungu. Ndiyo."

"Ni jicho moja tu. La pili halikufuata. Na labda kuna kitu kiliingia, kijiti, kapi la..."

"Kapi la nini, mama?"

Joviana alikuwa anatazama mlango, lakini alichokuwa anaona ni sebule yake. Pazia lililofungwa mchana. Kofia puani. Miwani myeusi. Jana jioni Clavery alimimina chai nje ya kikombe, akamkaripia yeye kwamba kikombe kimewekwa upande. La kulia. Tangu siku ile ya kwanza lilikuwa la kulia tu, na la kushoto lilikuwa jeupe kama sahani.

"Mama?" Nyirabageni aliuliza. "Na lingine?"

"Doa jeupe," alisema Joviana taratibu. "Doa jeupe kwenye cheusi cha jicho."

Alichukua simu yake, akatoka nyuma ya kaunta, akaanza kuwatoa watu nje. Walilalamika. Mmoja alisema ametoka mbali, mwingine kwamba ana hela mkononi, hakuja kukopa. Joviana alifunga kufuli mbele yao.

*

Stoo ilikuwa na giza. Clavery alikuwa amekaa kwenye magunia ya mwisho kabisa, mbali na mlango. Bigirimana alikuwa mbele, amejifunga kitambaa puani, anachekecha.

"Shikamoo, mama," alisema Bigirimana.

"Marahaba. Baba Evelyn, vua miwani."

"Kuna nini? Nani yuko dukani?"

"Vua miwani."

"Mbele ya kibarua wangu?"

"Mbele ya lori likipenda kuja. Vua!"

Aliivua yeye mwenyewe Joviana, kwa kuinyakua. Jicho lilikuwa limevimba kope, limefumba nusu, chozi limechora njia kwenye vumbi la shavu. Alipowasha taa ya simu Clavery aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akageuza uso ukutani. Joviana alimshika kidevu kama mtoto. Akainua kope.

Kwenye cheusi cha jicho, karibu na katikati, palikuwa na doa. Jeupe kama utandu wa maziwa, kingo zake zimechanikachanika, na jicho lote kulizunguka lilikuwa jekundu kama nyama.

"Ni tongotongo," alisema Clavery. "Litatoka."

Joviana aliliziba jicho la kushoto kwa kiganja chake. "Vidole vingapi?"

"Joviana, acha mambo ya..."

"Vingapi?"

"Vitatu," alisema Clavery, kwa sauti ya mtu anayebahatisha mtihani. Joviana hakuwa ameinua kidole hata kimoja. Alikuwa amesimama na mkono chini.

Bigirimana aliacha kuchekecha. Alikuwa mtu mzima wa maneno machache, na sasa alionekana anayatafuta.

"Mama, mimi niseme. Siku ile tunapepeta, upepo uligeuka. Kapi liliingia jichoni kwa bosi, au kijiti cha maharage, sijui. Alinipa ncha ya kitambaa nikitoe. Nikatoa. Jicho likatoa damu kidogo."

"Nilikuambia unyamaze!" Clavery akafoka.

"Uliniambia, bosi. Nimenyamaza mpaka sasa."

Joviana alimtazama mumewe. "Kwa nini hukuniambia kitu kimekuingia jichoni?"

"Uliniuliza?" Clavery alisimama. "Uliniuliza hata neno moja? Nimekuja dukani kwako, mbele ya watu, ukaniambia ninawe! Nimenawa!"

Hilo lilimpata Joviana pale pale.

"Ni kweli," alisema. "Sikukuuliza na sikukutazama. Hilo ni langu, nitalibeba. Sasa niambie uliweka nini, maana halikupungua kwa mwili wako."

Clavery akaingiza mkono mfukoni kwa shingo upande, akatoa kichupa. Kilikuwa kimeandikwa maneno ya nje, chapa imefutika nusu. Joviana alikisogeza kwenye mwanga wa mlango, akasoma jina la dawa, akajikuta ameketi kwenye gunia.

"Umekipata wapi?"

"Kwa mchuuzi, kwenye gulio. Alisema ni ya ng'ambo, ni kali. Na ilifanya kazi! Siku ya pili tu..."

"Inafanya kazi, ndiyo. Inaondoa wekundu. Inaondoa maumivu. Na kama ndani kuna kidonda, inakiacha kidonda kiendelee kula huku wewe unajitazama kwenye kioo unasema umepona. Hii hata mimi siruhusiwi kuiuza. Hii mtu hapewi kabla daktari hajamulika jicho." Sauti ilimpanda. "Mkeo ana duka la dawa! Unalala na muuza dawa kitanda kimoja, halafu unaenda kununua ya jicho kwa mtu anayeuza dawa za panya na nyembe!"

"Yeye hakunicheka," alisema Clavery.

*

Hakutaka kwenda. Lori linakuja kesho. Nani atapima? Nani atasimama na dereva? Watu wa Mwanza wakimkosa watanunua kwa mwingine. Aende kesho kutwa, aende wiki ijayo, jicho si mguu.

"Bigirimana atapima."

"Bigirimana?"

"Ndiye anayepima hata sasa," alisema Joviana. "Wewe huoni mshale wa mizani."

Clavery alimtazama kibarua wake kwa jicho moja. Bigirimana alikung'uta chekeche.

"Bosi, nimeshika mizani hii wiki nzima. Kama ningetaka kukuibia ningekuwa nimeshakuibia."

Kwa maneno hayo ya faraja, Joviana alichukua funguo za stoo kiunoni mwa mumewe, akampa Bigirimana, akaenda kutafuta gari. Safari ya kwenda Karagwe Clavery aliikaa amejifunika koti kichwani kwa sababu ya jua. Kila gari lilipoingia kwenye shimo aliguna, na kila alipoguna Joviana alitaka kumkumbatia na kumzaba kofi, vyote kwa pamoja.

*

Hospitali ilikuwa na benchi refu la wagonjwa wa macho. Wazee wenye mtoto wa jicho walikuwa wameshikwa mikono na wajukuu, mafundi wa kuchomelea wamefunga vitambaa. Daktari wa macho aliitwa Kahigi, mtu wa rika lao, mwenye sauti kubwa isiyojua kunong'ona. Chumba chake kilikuwa na pazia tu badala ya mlango, na kila alichosema kilifika benchi nzima.

Alimkalisha Clavery mbele ya mashine, akamdondoshea rangi ya njano jichoni, akawasha taa ya bluu. Akatazama muda mrefu. Kisha akamwita Joviana.

"Njoo uone. Hapo panapong'aa kijani. Hicho ni kidonda. Kiko kwenye kioo cha mbele ya jicho. Kilianza na mkwaruzo wa jani au kapi, fangasi wakaingia. Hawa wanatoka mashambani hivi kila msimu. Lakini wenzake wanakuja na kidonda kidogo. Hiki kimekula. Kuna dawa aliwekewa."

Joviana akatoa kichupa kwenye mkoba, akakiweka mezani. Dk. Kahigi akakisoma.

"Nani ametoa hii?"

Clavery alikuwa ameinamisha kidevu kwenye mashine.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Nauza dawa," alisema Joviana. "Nina duka la dawa Nkwenda."

"Aaa!" Dk. Kahigi akaegemea kiti. "Aaa, sasa naelewa. Nyinyi! Nyinyi wa maduka! Jicho jekundu, mnatoa kichupa. Hamuulizi lilianzaje, hammuliki, hamzibi jicho moja mkapima kama anaona. Hamkufundishwa? Mlifundishwa! Halafu mnatuletea sisi tukafanye miujiza. Na huyu ni mumeo! Je, wa watu baki unawafanyaje?"

Nje ya pazia watu waliinua vichwa benchini. Mtu mmoja alikohoa.

Joviana alimgeukia Clavery. Alisubiri. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa la Clavery kulisema: si yeye. Clavery alivuta kamasi. Akauliza, "Daktari, nitapona lini? Nina mzigo wa kupakia."

Joviana aliinama akaokota mkoba wake. Angeweza kusema mwenyewe. Lakini aliona jinsi ambavyo ingesikika, mke akimsukumia mgonjwa lawama mbele ya daktari, na aliona pia kwamba nusu ya yale aliyoambiwa yalikuwa haki yake. Hakuuliza lilianzaje. Hakumulika. Alisema tu, "Tupe maelekezo ya dawa, daktari."

Dawa ilikuwa tone kila saa, mchana na usiku, na Clavery alilazwa ili lisirukwe tone hata moja. Joviana ndiye aliyedondosha. Alisinzia amekaa, akaamka kwa mlio wa simu, akainua kope, akadondosha, akasinzia tena.

*

Siku ya tatu alifika Vero, dada yake Clavery, kutoka Bugene, na kapu la ndizi za kupika na nyama. Habari zilikuwa zimemfikia. Hospitali ina benchi, na benchi ina masikio, na masikio mengine yanaishi Bugene.

"Wifi," alisema Vero kabla hata hajatua kapu, "ulikuwa unamjaribia kaka yangu dawa?"

"Karibu, wifi. Kaa kwanza."

"Sikai. Watu wananipa pole barabarani. Wananiambia, pole, tumesikia mkewe amemtilia dawa isiyofaa, jicho limekwenda. Kwani dukani kwako hukuwa na za kufaa? Au zile ni za wenye hela?"

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waliacha kula. Clavery alikuwa amelala chali, jicho limewekewa ngao ya plastiki, la pili wazi, linatazama dari.

"Muulize kaka yako," alisema Joviana.

"Ninakuuliza wewe uliyesomea!"

"Muulize aliyelala hapo."

Vero akamgeukia kaka yake. Clavery alifumba jicho lake zima. Akageukia ukuta, akavuta blanketi.

"Mwacheni mtu apumzike," alisema Vero kwa uchungu, akaanza kupakua ndizi kwa kelele.

Alipoondoka, Joviana alikaa ukingoni mwa kitanda na chupa ya matone mkononi.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na?"

"Jicho linauma, Mama Evelyn."

Joviana aliinua kope yake, akadondosha tone. Mkono wake ulikuwa mpole. Hilo lilimuudhi kuliko yote, kwamba mkono wake bado ulikuwa mpole.

*

Jicho halikutolewa. Dk. Kahigi, ambaye siku za mwisho alikuwa ameshusha sauti kidogo, alisema wamewahi chupuchupu, na kwamba siku chache zaidi kioo kingetoboka. Kidonda kilikauka kikaacha kovu jeupe. Kwa jicho hilo Clavery aliona mwanga na vivuli, kama mtu anayechungulia kupitia nailoni. Maharage yalikuwa yamekwenda Mwanza salama. Bigirimana alikabidhi funguo na hesabu, na Clavery alizipitia mara mbili akitafuta kosa, hakulipata, akaonekana kusikitika.

Duka la Joviana lilikuwa limepoa. Macho mekundu yalikuwa yamekwisha Nkwenda, lakini homa, kuhara na kikohozi havikuwa vimekwisha, na hivyo sasa vilipita mbele ya duka lake vikaenda kwa wengine. Mwanamke mmoja aliingia, akamwona aliyeko kaunta, akasema amekosea mlango. Mwingine alimuuliza waziwazi: dawa hii umeijaribu kwa nani?

Joviana alimwambia mumewe siku moja tu, wakiwa jikoni.

"Sihitaji unishukuru. Sihitaji unipigie magoti. Nataka useme kilichotokea."

"Nitasemaje, Mama Evelyn? Mwanamume ana mke muuza dawa, akaenda kununua kwa mchuuzi?"

"Hivyo hivyo ulivyosema sasa."

"Watanicheka."

"Watakucheka wewe uliyefanya. Sasa hivi wananikimbia mimi ambaye sikufanya."

Clavery alikwangua ukoko wa sufuria kwa kijiko, kwa umakini wa ajabu, mpaka Joviana akaondoka.

*

Kwa kuwa Dk. Kahigi alimkataza vumbi, Clavery alikuwa akishinda kwenye kiti nyuma ya mlango wa duka, na miwani yake myeusi, akilalamikia redio, joto, na namna Bigirimana anavyoshona magunia. Siku ya gulio alikuwa hapo, amejificha nyuma ya ubao wa mlango uliofunguliwa, Projestus alipoingia.

Projestus alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu wa maneno mengi. Kofia ilikuwa imeshushwa upande mmoja, na jicho chini yake lilikuwa jekundu, linatoa chozi.

"Mama Evelyn, nipe kitu cha jicho. Kijiti cha kahawa kimenichapa. Lakini uangalie," akacheka, "usije ukanifanya kama ulivyomfanya Clavery."

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua sabuni waliinamisha nyuso. Joviana alikuwa ameshachukua simu ili awashe taa. Mkono ukabaki hewani. Hakumtazama Projestus. Alitazama nyuma ya mlango, na safari hii hakusaidia kwa neno wala kwa ishara. Alisubiri tu, kama mwenye haki yake anavyoweza kusubiri mpaka jua lizame.

Kiti kilikwaruza sakafu.

Clavery akatokea. Projestus alishtuka, akaanza kusema utani tu, mzee, utani. Clavery alivua miwani. Doa jeupe lilimtazama Projestus bila kumwona.

"Lilianza kama hilo lako," alisema Clavery.

Akaanza kueleza. Alieleza vibaya. Alianzia kwenye bei ya maharage, akapitia kwa dereva wa lori, akamlaani mchuuzi na ukoo wake, akasema upepo wa mwaka huu si wa kawaida, akamsema Bigirimana kwa kutumia kitambaa kichafu, kisha akakumbuka kwamba kitambaa kilikuwa chake. Wanawake wa sabuni walisahau sabuni. Watu wawili watatu walisimama mlangoni. Joviana aliegemea kaunta, akijiuliza kama mtu huyu atafika alikokuwa akienda.

"Kichupa nilinunua mimi," Clavery akasema. "Kwa mchuuzi. Kwa siri. Yeye hakunipa. Hakujua." Akafuta miwani kwenye shati. "Kwa daktari alitukanwa yeye, na benchi nzima inasikia. Nilikuwepo. Nikanyamaza. Dada yangu akaja akamtukana wodini. Nikageukia ukuta."

Projestus alikuwa ameshika kofia mkononi.

Clavery alimgeukia mkewe, jicho moja linamtafuta, lingine linatazama kusiko na mtu. Alionekana kama anasubiri kitu, labda asante, labda machozi.

"Umemaliza?" aliuliza Joviana.

"Nimemaliza."

"Basi sogea," alisema, akiwasha taa ya simu na kumvutia Projestus kiti. "Umemzibia mwanga."